Tope la Mgeta na Kamera za Bagamoyo: Kwa Nini Picha za Pwani Zinahitajika Kabla ya Bwawa la Kidunda Kujaa

Masika yanapoingia katika milima ya Uluguru, Mto Mgeta hubadilika rangi ndani ya saa chache. Maji yaliyokuwa meupe chini ya mashamba ya kabichi, karoti na njegere hugeuka ya kahawia, yakishuka na udongo wa mashamba hayo. Mto huo huizunguka milima kwa upande wa kusini, hukutana na Mto Ruvu juu kidogo ya Kidunda, na Ruvu huendelea hadi kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa mji wa Bagamoyo. Mkulima wa Nyandira, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, ana sehemu yake katika umbo la pwani hiyo.

Uhusiano huo unastahili kuangaliwa wakati huu ambapo usimamizi wa bandari na fukwe unazidi kutegemea picha. Wananchi wengi wanaposikia habari za kamera bandarini hufikiria ulinzi: makontena, malango, magari yanayoingia na kutoka. Hiyo ni kazi moja tu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, walianza kutumia kamera zilizofungwa juu ya minara kuupima ufuko wenyewe. Picha moja ya bahari haisemi mengi, kwa kuwa kila wimbi lina sura yake. Lakini picha mamia kadhaa zilizopigwa mfululizo kwa dakika 10 na kuunganishwa kuwa picha moja ya wastani hufuta mawimbi mojamoja na kubakiza ukanda mweupe pale yanapovunjika kila mara. Kwa kuwa mawimbi huvunjika penye kina kifupi, ukanda huo huonyesha mahali yalipo mafungu ya mchanga chini ya maji. Alama chache za kudumu zilizopimwa ardhini, kama vile kona ya jengo au nguzo, huigeuza picha kuwa ramani yenye vipimo vya mita.

Njia hiyo ya povu isingefaa sana Bagamoyo. Mji huo umekingwa na kisiwa cha Unguja, na mawimbi yake ni madogo yakilinganishwa na yale ya bahari iliyo wazi. Hata hivyo, Bagamoyo ina kitu ambacho fukwe nyingi za Ulaya hazina. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufikia kati ya mita 3 na 4, na ufuko wake ni mpana na wenye mteremko mdogo. Maji yanapokupwa, ukingo wake hurudi nyuma mamia ya mita. Kamera inayopiga picha kila baada ya nusu saa huunasa ukingo huo mara nyingi kwa siku moja, na urefu wa maji wa kila saa ukijulikana, kila mstari katika picha huwa kipimo cha kimo cha mchanga. Ndani ya juma moja la bamvua hupatikana ramani ya ufuko mzima bila mtu kuingia matopeni.

Kwa nini ramani hiyo itakiwe? Historia ya mji wenyewe inajibu sehemu ya swali. Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani ulihamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba meli hazikuweza kukaribia nchi kavu. Hadi leo majahazi yanayofanya safari kati ya Bagamoyo na Unguja husubiri maji, na mengine hukaa juu ya mchanga huku mizigo ikibebwa mabegani. Fungu likihama, nahodha hulijua kwa uzoefu na mapokezano. Msimamizi wa bandari ndogo, mpangaji wa mipaka ya mikoko katika delta ya Ruvu, au ofisa anayeshughulikia wavuvi wa kamba wanaotegemea maji ya mto huo, hana kumbukumbu ya kila siku inayomwonyesha pwani imekwenda wapi tangu mwaka uliopita. Mpango wa muda mrefu wa bandari kubwa Mbegani unalifanya swali hilo kuwa zito zaidi.

Hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Tope la Mgeta haliingii katika Bandari ya Dar es Salaam. Bandari hiyo hupokea maji ya mito ya Kizinga na Mzinga, na Mto Msimbazi huingia baharini kaskazini yake, karibu na daraja la Salenda. Maboresho yaliyoanza mwaka 2017, yakiwamo ya kuongeza kina cha gati namba 1 hadi 7, yamegharimu fedha nyingi, na kina kilichochimbwa hakidumu pasipo kuangaliwa. Kwa Dar es Salaam, kazi ya kwanza ya kamera za kupima ni mlango mwembamba wa bandari, ambako meli kubwa na vivuko vya Magogoni na Kigamboni hupishana katika maji yaleyale. Kazi ya pili ni kuonyesha rangi ya maji baada ya mvua kubwa, ili wataalamu wajue tope linatokea kijito gani kabla ya kuagiza mtambo wa kuchimba. Kina chenyewe kamera haikioni. Hicho hupimwa kwa boti yenye kipima kina cha mwangwi, na hakuna picha itakayochukua nafasi yake.

Kaskazini ya hapo, Kunduchi, tatizo ni kinyume. Ufuko umekuwa ukiliwa kwa miongo kadhaa, na uchimbaji wa mchanga katika mito ya karibu umetajwa miongoni mwa sababu, kwa vile mchanga usiofika baharini hauwezi kujenga ufuko. Pwani hii, basi, hulalamikia mchanga uliozidi mahali pamoja na uliopungua mahali pengine, na wakati mwingine ni ndani ya wilaya moja.

Ndipo linapoingia Bwawa la Kidunda. Mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini Novemba 2022, majuma machache baada ya kina cha Ruvu kushuka na wakazi wa Dar es Salaam kuingia katika mgawo wa maji. Bwawa limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 na kuzalisha megawati 20 za umeme, na umuhimu wake kwa jiji hauna mjadala. Lakini bwawa lolote hufanya kazi moja zaidi ambayo haiandikwi katika mkataba: hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyopungua mwendo hutua mizigo yake. Mchanga mzito kutoka Mgeta na Ruvu ya juu utabaki nyuma ya ukuta, huku sehemu ya tope laini ikiendelea na safari.

Misri ilipolikamilisha Bwawa la Aswan mwaka 1970, pwani ya mdomo wa Nile huko Rashid, iliyokuwa tayari imeanza kurudi nyuma, ilikatika kwa kasi kubwa zaidi. Kidunda si Aswan. Ziwa la Aswan linaweza kushika zaidi ya maji yote ya Nile ya mwaka mzima, ilhali Kidunda litashika sehemu ndogo tu ya maji ya Ruvu, na Mto Ngerengere, wenye tope lake mwenyewe, hujiunga chini ya bwawa. Tena sehemu ya mchanga wa Mgeta hutua katika tambarare za mafuriko hata kabla ya kufika Kidunda. Inawezekana kabisa kwamba athari katika mdomo wa Ruvu zitakuwa ndogo. Tatizo ni kwamba pasipo kumbukumbu za kabla, hakuna atakayeweza kuthibitisha wala kukanusha. Ufuko ukipungua miaka 10 baada ya bwawa kujaa, mvuvi atasema ni bwawa, mhandisi atasema ni kina cha bahari kinachopanda, na mwenye hoteli atataka ajengewe ukuta.

Zipo picha za setilaiti za miongo mingi, na ni hazina. Lakini zile za zamani haziwezi kuonyesha badiliko la mita chache, na wakati wa masika, mto unapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, mawingu huziba macho yake. Kamera iliyofungwa juu ya jengo refu karibu na ufuko hutazama chini ya mawingu.

Hata hivyo, kamera ya Bagamoyo peke yake itaonyesha matokeo bila chanzo. Chanzo kiko juu, na kinajulikana kuwa na historia. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi na kusababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walioichunguza miteremko hiyo walikuta kwamba karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti yalikuwa machache mno. Siku moja ya aina hiyo huweza kupeleka mtoni udongo mwingi kuliko masika kadhaa ya kawaida. Vipimo vinavyochukuliwa mara chache kwa mwezi huikosa siku hiyo. Kamera iliyofungwa katika daraja la Mto Mgeta, ikipiga video fupi kila saa, huweza kukadiria kasi ya maji kwa kufuata povu na majani yanayoelea, na rangi ya maji ikilinganishwa na sampuli za chupa hutoa makadirio ya tope.

Hapo ndipo suala linapogusa maisha ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, na Mgeta ni nchi ya mabonde membamba ambako bustani za umwagiliaji ziko karibu na maji. Mkulima akiiona kamera darajani ana haki ya kuuliza kama inapima mto au inampima yeye. Waluguru wana sababu ya kuuliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwa jina la kuhifadhi udongo. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, upande wa mashariki wa milima, na mpango ukavunjika. Huko Mgeta, ambako mboga ziliyalipia matuta, mengine yalidumu. Tofauti hiyo inawafaa sana wanaopanga hifadhi ya vyanzo vya maji leo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatoa msingi wa kulijibu swali la mkulima. Kamera ya kupima mto au ufuko haihitaji sura ya mtu. Inaweza kuelekezwa kwenye maji pekee, ikapunguzwa ukali, na picha zake zikawekwa wazi kwa matumizi yaliyotangazwa. Tangazo lolote la mradi wa aina hii linapaswa kusema kamera inaelekea wapi, picha zinatunzwa na nani, kwa muda gani, na kama Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na wasimamizi wa bandari watazisoma katika kalenda moja. Pasipo hilo la mwisho, mlima na pwani vitaendelea kuwa na mafaili mawili yasiyokutana.

Gharama si kisingizio cha kungoja. Tangu mwaka 2017, katika fukwe za Sydney, Australia, wapita njia wamekuwa wakiweka simu zao katika kitako cha chuma kilichofungwa mahali pamoja, wakipiga picha na kuzituma kwa watafiti, na mpango huo umeenea katika nchi nyingi. Kitako hakihitaji umeme, na kikiibwa hasara yake ni ndogo. Kimoja kinaweza kufungwa Bagamoyo mbele ya soko la samaki, kingine juu ya daraja la Mgeta ambako wanafunzi hupita kila asubuhi. Vyote viwili vingepaswa kuwa mahali pake kabla ya masika ya mwisho ambayo mchanga wa Mgeta utapita Kidunda bila kizuizi.