Mhadhiri na Facebook yake

Mwenzenu nipo Chake, na mtandao leo una heshima zake.

Kuna jambo linanikera kazini. Nampigia mhadhiri nimuulize jambo la taaluma yake kabisa, maji ya chumvi yanavyoingia kwenye mabonde ya mpunga hapa Pemba. Atanieleza vizuri dakika ishirini, kisha: "Ila jina langu usiliweke, na Facebook usinitaje." Kanuni gani ya chuo inakukataza? Haijui. Amesikia tu.

Sisemi vyuo visiwe na kanuni ya mitandao kwa wafanyakazi wao. Mwalimu anayechati usiku na mwanafunzi wake huku karatasi za mtihani za binti huyo ziko mezani zinasubiri kusahihishwa, huyo awekewe mpaka, tena mapema. Matokeo ya watu kurushwa kwenye grupu la WhatsApp, hali kadhalika. Lakini maoni yake kuhusu sera ya elimu ni ya raia, na yanalindwa na Katiba ya Muungano na ya Zanzibar (zote ibara ya 18, nani alipanga sijui).

Tazama Uganda. Mwaka 2017 Makerere ilimsimamisha kazi mtafiti wake, Dk. Stella Nyanzi, aliyemshambulia kwenye Facebook Janet Museveni, mke wa rais na waziri wa elimu, kwa sababu ahadi ya pedi kwa wasichana wa shule haikutimizwa. Lugha yake ilikuwa chafu, mimi nisingeiandika. Ila hoja ya pedi haikuwa chafu. Aprili mwaka huohuo akakamatwa. Agosti 2019, kwa shairi alilobandika Facebook, akahukumiwa miezi 18 jela. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu cha "mawasiliano ya kuudhi" kwenye sheria yao ya kompyuta.

Sisi tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inabana bara na visiwani. Hofu hiyo inatosha, chuo kisiongeze ya kwake ya kunong'onezana. Kiandike: lipi kosa, lipi si kosa, adhabu gani, rufaa wapi. Na mhukumu awe kamati yenye wahadhiri ndani yake, si bosi mmoja aliyeamka na kuudhika na status ya mtu.