Kabro Mpya Mtaani? Cheki Chini Kabla Hujapiga Makofi

Siku hizi kiongozi akitaka kuonyesha amechapa kazi, anamwaga kabro. Tao Nairobi tuliona enzi za NMS, Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu zikipata njia safi za kutembea. Sasa hata vichochoro vya mtaa vinangoja zamu yao. Picha zinapigwa, utepe unakatwa, watu wanapiga makofi.

Na kusema ukweli, kabro ni poa. Lami inataka mashine kubwa, lakini kabro inataka mikono. Hapo ndipo vijana wa mtaa wanapata kibarua. Bomba la maji likipasuka, fundi anang'oa mawe, anarekebisha, kisha anayarudisha yale yale. Lami ikikatwa inabaki na kiraka milele.

Shida inakuja mvua ikinyesha. Miezi michache tu baadaye, njia imebonyea na ukikanyaga jiwe moja, maji machafu yanakurukia mpaka kwa suruali. Wengi wanalaumu jiwe. Wasee wa mjengo wanajua mchezo uko chini.

Kabro haijabebwa na simiti. Imebebwa na ardhi iliyoshindiliwa, juu yake tabaka la kokoto lililoshindiliwa pia, halafu mchanga wa kama inchi moja na nusu. Pembeni lazima kuwe na ukingo wa zege, la sivyo mawe yanaanza kutembea. Na maji yawe na mtaro wa kupitia. Mwanakandarasi akiruka hayo, anaokoa doo, na hakuna mtu anaona, kwa sababu juu kunang'aa.

Jiwe lenyewe pia lina siri. La wapita njia huwa milimita 60, la barabara ya magari milimita 80. Zege linahitaji kama siku 28 kukomaa vizuri. Likitolewa mapema, kona zinamegeka kama mandazi ya jana.

Kuna hata kabro za plastiki. Nzambi Matee wa Gjenge Makers, Nairobi, anachanganya taka za plastiki na mchanga, na mwaka 2020 UNEP ilimtambua kwa kazi hiyo. Lakini hata jiwe lake likiwekwa juu ya matope, litazama tu.

Kwa hivyo kazi ikianza kwenu, usingoje utepe. Pita ukiona wamechimba: wameshindilia? Kokoto iko? Mtaro uko? Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, so omba kuona BQ, ile karatasi inayoonyesha kila tabaka na bei yake. Kama kokoto imelipiwa na chini ni udongo mtupu, hiyo ni pesa yako imezikwa.

Kabro za kwenu zimedumu ama zimeshaanza kucheza?