Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutujia kila inapotangazwa hapa Mwembe Tayari kwamba madaktari kutoka ng'ambo watatoa matibabu ya bure kwa siku chache. Akina mama hujipanga tangu alfajiri, watoto mikononi. Kuwashukuru wageni hao ni wajibu. Lakini methali haikuishia kwenye kuja kwa mgeni. Imetaka pia mwenyeji apone.

Dini yetu haikuiacha tiba mikononi mwa nia njema peke yake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayejitia utabibu, naye hajulikani kuwa na elimu hiyo, ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Nia hulipwa na Mola. Mwili wa mgonjwa nao una haki yake.

Majirani zetu wa Uganda wameuonja uchungu wa jambo hili. Mjini Jinja, kijana wa Kimarekani aliyefika kwanza kwa ziara ya kujitolea alianzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo, ilhali hakusomea udaktari. Kati ya 2010 na 2015, watoto zaidi ya 100 walifariki kituoni hapo. Mwaka 2019 akina mama wawili walikwenda mahakamani, wakisema walidhani yeye ni daktari. Mwenyewe alikanusha kujifanya daktari, na kesi ikamalizwa kwa suluhu mwaka 2020 bila ya yeye kukiri kosa. Huyo alikaa miaka. Je, anayekaa wiki moja tu, nani atamuuliza?

Kwa hivyo, kabla ya kambi yoyote ya matibabu kufunguliwa, na yatazamwe mambo manne.

Kwanza, elimu na idhini. Sheria ya Kenya yamtaka daktari mgeni awe na leseni ya muda kutoka Baraza la Madaktari. Na mwanafunzi wa udaktari asipewe hapa kazi ambayo kwao haruhusiwi kuifanya.

Pili, dawa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, yataka dawa ifikapo iwe imebakiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake, na maandishi yake yafahamike na wataalamu wa nchi inayopokea.

Tatu, lugha na stara. Mama aelezwe hali yake kwa lugha aijuayo. Si haki binti wa miaka kumi kufanywa mkalimani wa siri za uzazi za mamake. Pawe na pazia, na awepo tabibu mwanamke kila inapowezekana. Wala mgonjwa asipigwe picha bila ya ridhaa yake.

Nne, na ndilo kubwa zaidi, ni kesho yake. Presha na sukari si maradhi ya siku tatu. Mwenye presha akipewa vidonge vya mwezi mmoja kisha akakosa vingine, hatari yake i pale pale. Aliyetolewa mtoto wa jicho huhitaji kuangaliwa siku ya pili na kutiwa dawa ya matone kwa wiki kadhaa. Wageni hupanda ndege. Maradhi hubaki Mwembe Tayari. Basi kila mgonjwa atoke na karatasi yenye jina la maradhi yake, dawa aliyopewa na kipimo chake, na ajulishwe ni zahanati gani, au daktari gani pale Makadara, atakayeendelea naye. Hayo yapangwe na matabibu wetu wa hapa kabla wageni hawajafika.

Enyi wanakamati wa misikiti na madrasa, ninyi mnaotoa uwanja na kualika watu, hiyo ni amana. Watu huja kwa kuwaamini ninyi, si kwa kumjua mgeni.

Nanyi mama zetu na dada zetu, ulizeni bila ya haya: Wewe ni daktari wa nini? Dawa hii yatibu nini? Nikizidiwa wiki ijayo, niende kwa nani? Kuuliza si utovu wa adabu wala si kukufuru neema. Tabibu mkweli hachukizwi na suali; na asiye na jibu la suali la tatu, afadhali dawa yake ingoje mpaka jibu lipatikane.

Wabillahi tawfiq.