Meli ya Starehe Nayo ni Kiwanda



Siku hizi katika kambi zetu za chai na za miwa, na viwandani pia wakati wa mapumziko, simu inapitishwa mkono kwa mkono watu waangalie picha za meli. Si meli za mizigo za Mombasa na Dar es Salaam zinazotuletea mbolea na vipuri. Ni meli za starehe, zinazobeba watu wanaotembezwa baharini kwa siku chache kisha wakarudishwa pale pale walipopandia. Vijana wetu wanazitazama na kusema, "Huko ndiko kwenye kazi." Na nyuma ya vijana hao wako mawakala wanaosema, "Lete pesa tukupeleke." Ndiyo sababu tumeona chama kina wajibu wa kusema neno.

Kwanza tueleze meli zenyewe zilivyo, maana haifai kulaumu wala kusifu kitu usichokijua.

Miongoni mwa meli kubwa kuliko zote za aina hii ni Icon of the Seas na Star of the Seas. Zote mbili zilijengwa katika mji wa Turku, nchini Finland. Ya kwanza ilianza kubeba abiria Januari 2024, na ya pili Agosti 2025. Icon ina urefu wa karibu mita 365, na ukitaka kuufahamu urefu huo, panga viwanja vitatu vya mpira kimoja baada ya kingine na bado utabaki na nafasi. Ina ghorofa 20. Kwa kipimo cha ujazo kinachotumika kupima meli ni tani 248,663. Titanic, iliyozama mwaka 1912 na ambayo watu waliiona kuwa ajabu ya dunia, ilikuwa tani 46,328. Kwa hiyo meli moja ya leo ni zaidi ya Titanic tano.

Ndani yake mna mabawa ya kuogelea saba, na bomba sita za kuteleza na maji, nyingine za kutisha. Mna uwanja wa barafu wa kuteleza kwa viatu vya chuma, ingawa nje ni jua kali la bahari ya Caribbean. Mna maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 17 ndani ya jumba la vioo. Mna bustani yenye miti na maua ya kweli. Mna sehemu zaidi ya 40 za kula na kunywa. Vyumba vikijaa wawili wawili, abiria ni 5,610. Kila kitanda kikijaa wanafika 7,600.

Hatuwezi kukataa kwamba ni kazi kubwa ya ufundi, na sifa za ufundi huo ni za wafanyakazi. Mafundi wa kuunganisha vyuma, wa umeme na wa mabomba ndio walioijenga. Tajiri alitoa amri na fedha. Chuma hakiunganishwi kwa amri.

Sasa tuulize swali la mfanyakazi. Mambo hayo yote yanaendeshwa na nani?

Barafu haigandi yenyewe penye joto, na maji hayapandi yenyewe juu ya maporomoko. Shuka za vitanda maelfu hazijifui. Chini ya ghorofa za starehe kuna ghorofa nyingine zisizoonyeshwa katika picha za simu. Huko kuna mitambo, majiko, udobi, maghala, mahali pa kuchambulia takataka, na vyumba vidogo visivyo na dirisha ambamo wafanyakazi hulala wawili wawili. Katika Icon wafanyakazi ni 2,350, wengi kuliko viwanda vyetu vingi. Wanatoka Ufilipino, India, Indonesia, nchi za Caribbean na Amerika ya Kusini, na Afrika pia. Miongoni mwao wako ndugu zetu kutoka Kenya, kwa kuwa kwa miaka kadhaa sasa vijana wa Mombasa wamekuwa wakiajiriwa katika meli za namna hii.

Basi meli ya starehe nayo ni kiwanda. Kinachotengenezwa humo ni raha ya abiria. Raha hiyo haitengenezwi bila jasho, sawa na majani ya chai yasivyoingia kikapuni bila mkono wa mchumaji.

Sisi tuliokulia katika kambi za mashamba tunafahamu jambo moja ambalo mtu wa mjini halijui vizuri. Tunafahamu maana ya kulala katika nyumba ya mwajiri, kutibiwa katika zahanati ya mwajiri, kununua katika duka lililo kwenye ardhi ya mwajiri. Ukigombana na mnyapara umegombana na mwenye nyumba. Ukiachishwa kazi asubuhi, jioni mama na watoto wako nje na masufuria. Melini ni hivyo hivyo, tena zaidi. Shambani unaweza kutoka getini Jumapili ukaenda kanisani au msikitini, ukakutana na wenzako chini ya mti mkazungumza habari za mshahara. Baharini hakuna geti. Mahali pa kazi, pa kula na pa kulala ni pamoja, na msimamizi yuko papo hapo miezi sita, saba, hata tisa.

Jambo la pili ni bendera. Kila meli lazima iandikishwe katika nchi fulani, na sheria ya nchi hiyo ndiyo inayotawala ndani ya meli. Tazameni hii Icon. Imejengwa Finland. Kampuni yake imeandikishwa Liberia. Makao makuu yako Miami, Marekani, na abiria wengi ni Wamarekani. Lakini bendera inayopepea ni ya Bahamas. Mfanyakazi akiwa na malalamiko aende wapi? Vyama vya mabaharia huita hizi bendera za kukodi. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, linalojulikana kama ITF, ambalo liliundwa mwaka 1896, limekuwa likizipiga vita tangu mwaka 1948. Wafanyakazi wa viwandani wataelewa upesi. Ni kama vile mwenye kiwanda anavyoleta kontrakta, halafu ukidai likizo yako anakwambia, "Wewe si mtu wangu, muulize kontrakta."

Jambo la tatu ni saa za kazi. Uko mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya kazi za mabaharia, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013. Ni mkataba mzuri, uliopatikana kwa juhudi za vyama. Unasema baharia ni kila afanyaye kazi melini, si nahodha na fundi mitambo peke yao. Mpishi ni baharia, dobi ni baharia, na mwimbaji pia. Hata hivyo, katika mkataba huo huo nchi inaruhusiwa kuweka kikomo cha saa 72 za kazi kwa siku saba. Sheria ya Uganda inataja saa 48 kwa wiki, na ya Tanzania saa 45. Hesabuni wenyewe tofauti hiyo ni siku ngapi za kazi.

Na faida je? Mwaka 2024 kampuni yenye meli hizo ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 2.9. Zaidi ya hiyo, katika meli nyingi za starehe sehemu kubwa ya kipato cha mhudumu ni bakshishi inayotolewa na abiria. Maana yake mgeni ndiye anayemlipa mfanyakazi badala ya mwajiri, na wageni wakipungua, kipato kinapungua, lakini kazi ya kusugua sakafu haipungui.

Hayo yalionekana wazi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia. Mwezi Machi meli za starehe zilisimamishwa. Abiria walitafutiwa njia za kurudi makwao. Wafanyakazi makumi ya maelfu walibaki ndani ya meli zilizotia nanga, wengine kwa miezi, nchi zikiwafungia mipaka na wengi wao mishahara ikiwa imekatika. Mabwawa na maporomoko yalikuwepo, lakini hayakumsaidia mtu aliyetaka kufika nyumbani kumzika mzazi wake.

Sasa tuje kwetu. Mwaka jana kijana mmoja wa idara ya kukausha chai alikuja ofisini kwetu na bahasha. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye picha ya meli na muhuri mwekundu, ikisema amepata kazi ya kuhudumia wageni. Wakala alikuwa amemtoza ada ya kuandikishwa, kisha ada ya viza, kisha ada ya "kushika nafasi". Baba yake aliuza ng'ombe wawili. Mama yake alichukua mkopo katika kikundi cha akina mama wachumaji, na wenzake wakamdhamini. Tulipomsindikiza kwenye ofisi ya wakala tulikuta chumba kimefungwa, na mwenye jengo naye alikuwa akimtafuta mtu huyo kwa kodi ya miezi miwili. Kijana yule leo amerudi kwenye boila. Ng'ombe hawakurudi, na akina mama wanakatwa kila mwisho wa mwezi kulipia meli ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Laiti angekuja kwetu kabla ya kutoa senti ya kwanza! Tungemwambia jambo ambalo kila mfanyakazi anayesoma gazeti hili anapaswa kulishika kichwani. Mkataba ule wa 2006 unakataza kabisa wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubeba mfanyakazi zimetajwa: cheti cha afya, kitabu cha ubaharia cha nchi yake, na pasipoti. Viza hulipwa na mwenye meli. Nauli ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha ni ya mwenye meli pia. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Bahamas, wenye bendera ile, nao wameuridhia. Kwa hiyo mtu anayekwambia ununue nafasi ya kazi melini anavunja sheria, au hana meli yoyote.

Wako watakaosema kwamba chama kinawafungia vijana riziki. Sivyo. Tunawajua watu waliofanya kazi hizo, wakasomesha wadogo zao na kujenga nyumba ya bati kwa wazee wao. Kazi ya melini ni kazi ya halali, na mwenye kuifanya anastahili heshima. Tena tuseme ukweli, ndugu: kijana anayechuma chai tangu alfajiri, kisha karani wa mizani akampunguzia kilo kwa kisingizio cha umande, ana haki ya kutamani kwingine. Mshahara wetu ukiwa haba, wakala hahitaji kusema uongo mwingi. Njia ya kwanza ya kuwafukuza matapeli hawa ni kupigania mishahara ya kumfaa mtu hapa tulipo. Wasimamizi wa mashamba wanaolalamika kwamba vijana wanakimbia kazi, wajibu hilo.

Tunachokataa ni kijana kwenda akiwa peke yake, hajui sheria, na anadaiwa kabla hajaanza kazi. Mtu mwenye deni hasemi hapana. Akiambiwa afanye saa mbili za ziada bila malipo atafanya, maana anafikiria ng'ombe wa baba.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Asiyeelewa karatasi aliyopewa ailete kwa mwakilishi wa tawi kabla ya kutia sahihi. Kila anayetaka kwenda aulize jina la meli, bendera yake, saa za kazi, siku za mapumziko, mshahara wenyewe bila kuhesabu bakshishi, na nani atakayemrudisha nyumbani. Asiyejibiwa maswali hayo kwa maandishi asiondoke. Aulize pia kama meli ina mapatano na chama cha wafanyakazi, na ni chama gani. Matawi yetu nayo yaandike majina ya mawakala wanaozunguka kambini na kuyapeleka makao makuu, ili tuyafikishe kwa maofisa wa kazi na kwa ndugu zetu wa vyama vya mabaharia kule pwani. Na vikundi vya akopeshanao vya akina mama visitoe mkopo wa "ada ya meli" kwa mtu yeyote kabla tawi halijaona karatasi.

Mara nyingine simu itakapopita mkononi mwako ikionyesha bwawa na maporomoko na watu wakicheka, cheka nawe, si dhambi. Lakini mwonyeshe jirani yako yule mtu aliyevaa sare nyeupe pembeni mwa picha akiwa ameshika taulo. Huyo ndiye mwenzetu. Shida yake na shida yetu ni moja, na dawa yake ni ile ile iliyotupatia mkataba wa hali bora mashambani: kujiunga, kusoma kabla ya kutia sahihi, na kutoachana.

Umoja ni nguvu.