Alama za Darasani Tuzione

Watoto zaidi ya milioni 1 wa Gredi ya 9 nchini Kenya walifanya KJSEA ya kwanza, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025. Mtihani wenyewe ulibeba asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 zilitoka kwa KPSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, waliyoifanya 2022 wakiwa Gredi ya 6, na 20 zilizobaki kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8.

Mpango huu tunauunga mkono. KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, tangu 1985 hadi 2023 ilimaliza miaka minane ya masomo kwa siku tatu, na aliyeamka na homa siku hizo ikawa shauri yake.

Lakini hizo alama za shuleni, nani kaziona? Mwalimu hupakua kazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), huichapisha, huwapa wanafunzi, husahihisha, kisha huingiza alama mtandaoni. Wazazi wengi hawajui kilichoingizwa.

Na miradi ya tathmini hizo twajua inavyofanywa. Mtoto akaa ghorofani mtaa wa Kibokoni, Mombasa, nyumba haina hata kiganja cha udongo, aambiwa apande mboga. Mama anunua miche ya sukuma wiki, baba akata mtungi wa maji wa lita 20, picha yapigwa kwa simu, yachapishwa saiba. Mwenye mradi yuko madrasa.

Hatuwalaumu wazazi. Kila mtu aogopa mwanawe asije akapitwa na wa jirani. Walimu nao wana mtihani wao: anayesahihisha kwa haki huwapunguzia wanafunzi wake nafasi ya kwenda shule nzuri za upili, ilhali mwenzake wa kaunti nyingine huenda anamimina alama tu.

Kwa hivyo miradi ifanyiwe shuleni, mbele ya mwalimu, kwa vifaa vilivyoko. Kazi iliyosahihishwa ifike nyumbani mzazi aitie sahihi kabla alama hazijaingizwa. KNEC nayo ilinganishe alama za kila shule na zile watoto wake walizopata kwenye KJSEA. Pakiwa na pengo kubwa, mkuu wa shule aitwe aeleze. Na gharama ya kuchapisha karatasi hizo iwe ya serikali, si ya mwalimu kuchangisha wazazi shilingi hamsini hamsini.