Barabara ya zamani isitupwe

Ndugu Mhariri,

Mpango wa Serikali wa kujenga barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze naunga mkono, maana foleni ya malori imetuchosha. Asiyetaka kulipa atapita barabara ya zamani. Sawa, lakini itakuwa katika hali gani? Malori yatakayokwepa ada yatajazana huko huko na kuibomoa lami. Mashimo yakizidi, hata mwenye basi atalazimika kulipa, na abiria ndiye atakayeongezewa nauli. Hapo hiari ni ya jina tu!

Tena hiyo ya zamani si ya bure. Kila anunuaye dizeli huchangia Mfuko wa Barabara. Wizara ya Ujenzi itueleze mapema itaitengea fungu gani, na kama mizani ya Vigwaza itabaki.

Msafiri,
Chalinze.