Nyuzi 13

Jioni moja hapa Sapiwi, binti yangu wa kidato cha tatu alikuja na atlasi na kipimapembe. "Baba, kutoka Bariadi, Makka iko takriban nyuzi 13 kutoka kaskazini kuelekea mashariki."

Mimi nimekulia Tanga, ambako kibla ni kaskazini karibu kamili, kwani Tanga na Makka zinakaribiana longitudo. Bariadi iko magharibi yao kwa zaidi ya nyuzi 5, nami miaka yote nimetandika mswala kama niko pwani! Wanazuoni wengi hutosheka na mwelekeo, lakini niliona haya. Nikamwomba apime tena. Jibu likawa lilelile.

Magharibi ilipoingia, yeye ndiye aliyetandika mswala. Nami nikasogea kusalisha.